Wakili wa Mfalme Anayeshindwa

Jaji hakuwa jaji. Naanza na hilo kwa sababu wako watu wa Kitengela wanaobishana nami mpaka leo, wakisema walisikia alikuwa mahakamani Kajiado, wengine Machakos. Hapana. Alikuwa mtu wa maabara kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River, na kazi yake ilikuwa kuvunja vitofali vya majaribio ili ijulikane vitastahimili uzito gani. Jina la Jaji tulimpa sisi watu wa chesi, yaani sataranji, na likamkaa kiasi kwamba hata mke wake alimwita hivyo siku alizokuwa amemkasirikia.

Nilikuwa jirani yake miaka mingi. Nyumba zetu za kupanga ziligawana ukuta mmoja na tangi moja la maji, na watu wakigawana maji Kitengela watajuana tu, watake wasitake. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi ya kukausha mdomo, na yale yaliyoletwa na punda yalikuja siku punda alipotaka. Mvua ikinyesha, udongo ule mweusi ulikushika miguu kama mtu anayekudai maelezo. Sote tulivaa gambuti, viatu virefu vya mpira, mpaka barabarani, tukiwa na viatu vya kazini ndani ya mfuko. Jaji peke yake ndiye aliyepiga gambuti rangi. Nilimwuliza sababu, akasema hata gambuti hutazamwa na watu.

Mimi nilifundishwa chesi katika chuo cha ualimu. Kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi Isinya, niliichezea Isinya ingawa nililala Kitengela, jambo ambalo Kitengela hawakunisamehe. Vikundi vilikuwa vitatu: Kitengela, Isinya na Kajiado. Tulikuwa wachache, walimu, makarani, mafundi wa mashamba ya maua, na tulikutana Jumamosi moja ya kila mwezi katika ukumbi wa kanisa pale Kisaju, kwa sababu mchungaji wa Kisaju hakuwa mtu wa maswali mengi.

Hatukucheza sana sisi kwa sisi. Tulichopenda ni mafumbo. Kila kikundi kilileta fumbo lililotungwa nyumbani, kete chache tu zimepangwa ubaoni, na chini yake maneno yale yale: Mweupe anaanza, na anashinda. Wengine wote walijifungia kimya, wakaandika kwenye karatasi vipi Mweupe anashinda. Kisha Jaji akasahihisha: jibu sahihi lilimpa aliyeliandika alama, na fumbo lisiloonekana tundu liliwapa watungaji wake alama nyingi zaidi.

Asiyejua mchezo atadhani kazi hiyo ni rahisi. Ugumu uko kwa Mweusi. Mweusi naye si gogo. Ana akili, anajitetea, na jibu linalomshinda Mweusi mjinga halina thamani hata ya karatasi lilipoandikwa. Ni lazima uonyeshe jinsi ya kumshinda Mweusi anayejitetea vizuri kuliko wote. Sasa, mara nyingine hakuna ajuaye utetezi ulio bora ni upi. Njia mbili zinafanana, zote zinaonekana kuishia kaburini. Aliyeandika njia ya kwanza anasema yeye ndiye yuko sawa, wa pili anasema ni yeye, na ukumbi mzima unawaka moto. Hapo ndipo Jaji alipopata jina lake.

Alikuwa na desturi yake, naye aliiita kumpa mfalme wakili. Utetezi ukiwa hauko wazi, aliweka kalamu chini. Alimwita mwenye karatasi mezani, akaketi yeye mwenyewe upande wa Mweusi, upande unaokufa, na kucheza ile njia ambayo mtu yule hakuiandika. Ukimjibu pale pale bila kubabaika, alama ni zako. Ukibabaika, unarudi kitini. Na hakucheza kwa kukukomoa. Alicheza kama mtu anayemwombea ndugu yake, akiinama, akikuna kidevu, akitafuta kwa yule mfalme mnyonge kila upenyo uliobaki duniani. Nimeona watu wazima wakitoka jasho mbele yake, na fumbo lenyewe lina kete tano.

"Usimchagulie adui upumbavu," alikuwa akisema, "achague mwenyewe."

Lakini msemo wake hasa, ule uliotuchosha sisi majirani, ulikuwa swali. Tukikaa nje jioni tukimsengenya mtu, labda mama fulani aliyehama bila kuaga, Jaji alipita na ndoo yake na kuuliza, "Na yeye angejibuje?" Basi utamu wote wa umbea ukaisha. Mke wake alikuwa na kesi nzito zaidi. Alisema hawezi kwenda na mumewe kununua makaa, maana yeye akigombana na muuzaji kwamba gunia limejazwa majani chini, mumewe huanza kumtafutia muuzaji sababu. Huenda hakulijaza yeye. Huenda mvua ilinyesha njiani. "Nimeolewa na wakili wa watu wote isipokuwa mimi," alisema, nasi tukacheka mpaka tukamwonea huruma.

Kanisani pia hakutulia. Mhubiri mmoja aliwahi kuhubiri juu ya Daudi na Goliathi kwa nguvu nyingi, na ibada ilipokwisha Jaji akamfuata mlangoni kumweleza kwa upole kwamba Goliathi alikosea hatua moja tu, angebaki alipokuwa na kungoja. Mhubiri alimtazama, akamwambia Bwana ambariki. Alimwepuka tangu siku hiyo.

Pamoja na hayo yote, alikuwa mchezaji hafifu. Hili liliwashangaza wageni. Mtu anayeona kila upenyo wa mpinzani ungedhani atakuwa simba, kumbe ni kinyume. Kila alipotaka kushambulia aliona jinsi mwenzake atakavyojiokoa, basi akaahirisha, akaahirisha tena, mpaka yeye ndiye akashambuliwa. Hata mimi nilimshinda nikiwa na mtoto mgongoni. Na yeye mwenyewe hakujitafutia wakili hata mara moja. Bomba la tangi lilipovunjika na mwenye nyumba akamlaumu yeye, sote tulijua lilivunjwa na punda, lakini Jaji alikwenda akaleta bomba jipya na kulifunga kimya kimya. Nilipomkemea, alijibu kwamba yeye anajijua.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Daktari. Huyu alikuwa daktari wa mifugo wa Kajiado, Mmasai mrefu mwenye sauti ya chini, nahodha wa kikundi chao. Mafumbo yakiisha, wawili hao waliketi kwenye kibanda cha nyama pale Kisaju, Daktari akieleza habari za ng'ombe na Jaji akieleza habari za saruji. Sidhani kama yeyote alimsikiliza mwenzake. Walikuwa na furaha tu, na ukipita uliwasikia wakisema "ndiyo, ndiyo" kwa zamu.

Kisha ukaja ukame ule mbaya. Waliokuwa hapa wanaukumbuka. Ng'ombe waliletwa mpaka kando ya barabara ya Namanga na kando ya nyumba zetu, wakila maboksi. Daktari alitibu mifugo ya watu wilaya nzima, na wakati huo huo ng'ombe wake mwenyewe wakaanguka mmoja mmoja nyumbani, mpaka boma likabaki tupu. Watu wana midomo. Walisema daktari gani huyu wa ng'ombe ambaye hana ng'ombe. Alipungua mwili, akaacha kuja Kisaju miezi kadhaa, na Jaji akawa anaketi peke yake kwenye kibanda akiagiza nyama na kuiacha sahanini.

Daktari alirudi Jumamosi ya mwisho wa mwaka, siku ya kombe. Sisi Isinya tulikuwa mbele kwa alama chache, na kila mtu alijua fumbo la Kajiado ndilo litakaloamua. Lilikuwa lake mwenyewe, la kwanza kulitunga maishani. Alituambia kwamba alilitunga akiwa amekaa ndani ya boma lile tupu, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuhesabu humo.

Lilikuwa fumbo zuri, sitalinyima haki yake. Mweupe ana malkia, na mfalme wake yuko mbali. Mweusi ana mfalme na askari mmoja tu, lakini askari huyo amebakiza hatua moja afike mwisho wa ubao, na akifika anageuka malkia. Mweupe anamtisha mfalme mweusi hatua kwa hatua mpaka mfalme huyo analazimika kusimama mbele ya askari wake mwenyewe na kumzibia njia, na hapo Mweupe anapata nafasi ya kumsogeza mfalme wake karibu. Kisha tena. Kisha tena. Mwisho Mweusi anakufa. Watu wote waliandika hivyo, na kusema kweli niliandika hivyo mwanzoni.

Halafu nikajiuliza lile swali la Jaji. Nikaona kwamba mfalme mweusi halazimiki kusimama mbele ya askari. Anaweza kwenda kwenye pembe ya ubao na kumwacha askari aliwe. Ukimla, mfalme pale pembeni hatishwi na mtu, lakini pia hana mahali pa kukanyaga, na sheria ya chesi inasema hiyo ni sare. Usipomla, anageuka malkia. Nilifuta niliyoandika, nikaandika: mfalme aende pembeni, sioni ushindi wa Mweupe.

Jaji alisoma karatasi yangu muda mrefu. Nilijua ataniita, nikaanza hata kusogeza kiti. Alitazama upande wa dirisha, pale Daktari alipokuwa ameketi na fimbo yake magotini, kisha akaandika sifuri.

"Mtu hamtupi askari wake wa mwisho," alisema. "Huo si utetezi. Ni kukata tamaa."

"Niite mezani, Jaji."

"Nimeshaamua, Mwalimu."

Kombe likaenda Kajiado. Watu wa Kajiado wakamwinua Daktari juu, mtu mzima yule, na nikamwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu ukame. Mimi nilirudi nyumbani na sifuri yangu. Mume wangu aliifurahia kuliko mshahara. Mpaka leo nikipika ugali ukawa mbichi huniuliza kama huo ni utetezi au kukata tamaa. Nilijiambia Jaji alikosea kama binadamu yeyote, hakuona, basi. Tukaendelea kugawana tangi.

Miaka ilipita na vikundi vikafa vyenyewe, bila ugomvi. Vijana wakapata simu, wazee wakapata ploti za kujengea. Kitengela ikajaa magorofa, na pundamilia waliokuwa wakipita nyuma ya nyumba yetu wakabaki hadithi ambayo watoto wangu hawaiamini. Jaji alistaafu akahamia ploti yake Kisaju, nasi tukajenga Isinya. Habari ya Daktari niliisikia sokoni: kiharusi, upande wa kulia wote.

Jumapili moja alasiri Jaji akaja kwangu Isinya. Alikuwa amekonda, lakini viatu viling'aa. Hakutaka chai, na hapo nikajua kuna neno. Alizunguka habari za kuku wangu kwa muda, kisha akasema alitaka kuzungumza juu ya ile sifuri.

"Jaji, hiyo maneno iliisha kitambo."

"Haikuisha. Ulikuwa sawa."

Nilimwambia najua nilikuwa sawa, nilikuja kukiona kitu kile kile kwenye kitabu baadaye, na kwamba hakuna asiyekosea.

"Sikukosea," alisema. "Niliiona. Niliposoma tu, niliona iko na maana. Ndiyo sababu sikukuita mezani. Ningekaa pale, ningecheza hiyo njia yako, fumbo lake lingevunjika mbele ya watu wote."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika kuliko siku ile yenyewe. Kosa la macho unaweza kumsamehe mtu, lakini huyu alikuwa amenitazama, akampima rafiki yake na mimi kama vile vitofali vyake, akaamua ni nani avunjike. Nilimwuliza ni mafumbo mangapi mengine aliyatoa kwa huruma. Akasema hakuna. Nilimwamini, na hilo likanikasirisha zaidi, maana aliyeonewa nilikuwa mimi peke yangu.

Kumbe alichotaka hakikuwa msamaha. Alitaka niamue. Daktari alikuwa bado na fumbo lile sebuleni, akilionyesha kila mgeni, na tangu augue ndilo alilokuwa akilitazama mchana kutwa. Jaji alienda kumwona kila wiki na kila wiki alilisifu. Hakuweza tena. Lakini hakuweza pia kumwambia mgonjwa kwamba kitu kimoja alichoshinda katika mwaka ule hakikuwa chake.

"Mimi siwezi kuamua, nina upande," alisema. "Wewe ndiye nilikukosea. Ukisema nimwambie, nitamwambia. Ukisema ninyamaze, nitakufa nayo."

Nilitamani kumrudishia sifuri yake. Ningesema asimwambie, angekwenda kila wiki kusifu uongo, na mimi ningekuwa mshirika wake. Ningesema amwambie, labda tungemmaliza mtu. Niligeuza maneno hayo kichwani huku na huku, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kazi aliyokuwa akiifanya pale Kisaju miaka yote. Sikuona njia iliyo bora. Mwishowe nikamwambia kwamba sisi wawili tunamchagulia Daktari majibu, na hatujui angejibuje. Twende tumsikie.

Tulikwenda Kajiado wiki hiyo hiyo. Binti ya Daktari alitupokea, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti karibu na kabati la vyombo, mguu umefunikwa shuka.

"Sopa," alitusalimu kwa Kimasai, neno likitoka polepole kwa upande mmoja wa mdomo.

"Epa," tukaitikia.

Fumbo lilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya kioo, kati ya sahani za harusi na lile kombe. Kete zilikuwa zimepangwa vile vile. Binti alisema hakuna anayeruhusiwa kuzigusa, hata vumbi hulifuta mzee mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nilitaka turudi nyumbani. Jaji alikuwa ameshafungua mdomo.

Alisema yote akiwa amesimama. Hakujitetea kwa neno hata moja. Sikumsikia akitaja ukame, wala boma, wala midomo ya watu. Alisema fumbo lina tundu, kwamba Mwalimu huyu aliliona siku ile, na yeye akaliona kwenye karatasi yake na kulifunika.

Daktari alilitazama kabati. Kisha akanigeukia mimi.

"Tulikutana Kisaju mara ngapi baada ya hapo? Ukanyamaza?"

"Sikunyamaza, Daktari. Nilipewa sifuri."

Kifua chake kilianza kutikisika, na niliogopa kwanza, nikadhani ugonjwa umerudi, kabla sijaona kwamba anacheka. Alipomaliza alimtazama Jaji, na hakucheka tena.

"Kwa nini?"

"Nilikupenda," Jaji alisema. "Nilitaka ushinde kitu."

"Hukunipa nafasi ya kushindwa," Daktari alisema. "Ng'ombe walikufa, nilisimama. Ulifikiri fumbo ndilo litaniangusha?"

Daktari akamwita binti yake, akamwambia alete ubao. Binti alisita, akafungua kabati na kuushusha, akauweka kwenye meza ndogo mbele yetu. Daktari akaniashiria niketi upande wa Mweusi.

Alicheza kwa mkono wa kushoto, na kila kete ilimchukua muda kuishika. Malkia wake akanitisha mara ya kwanza, mara ya pili. Ikafika zamu ile. Nilimtazama shingo yake iliyokonda, nikatazama kombe nyuma ya kioo, na naapa mkono wangu ulitaka kumweka mfalme mbele ya askari kama walivyofanya wote. Ingekuwa rahisi sana. Ningesema nimesahau. Nilielewa pale, ndani ya mwili wangu, jinsi Jaji alivyoandika ile sifuri, na hasira yangu ikaniacha bila kuaga.

Nikampeleka mfalme pembeni.

Daktari aliinama juu ya ubao. Alitafuta. Alimsogeza malkia huku kwa macho tu, akamrudisha, akajaribu kule. Tulimwachia muda wote alioutaka. Kisha akamnyanyua malkia wake, na mwenyewe, akijua anachofanya, akamla askari wangu wa mwisho.

"Sare," alisema, akaninyooshea mkono wa kushoto, nami nikaushika.

Nilipogeuka, Jaji alikuwa ameinama chini ya meza, akisema anatafuta kete iliyoanguka. Kete zote zilikuwa juu ya meza. Tukamwacha aitafute.